Mirathi: Uwakala wa Baba ni wa Nani?

Baba yetu alikuwa wakala wa pikipiki mjini Palma. Alipofariki, kaka alishika funguo akisema duka ni la mtoto wa kiume.

Sheikh alitufunza kutenganisha mambo mawili. Uwakala hukoma kwa kifo. Kampuni ndiyo humteua mwingine. Lakini fedha na pikipiki alizozinunua baba ni tirka. Hutolewa gharama za mazishi, madeni na wasia, kisha hugawanywa kwa Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12.

Zilibaki meticais 240,000. Babu na bibi walishatangulia. Mama alipata thumuni, 30,000, kaka 140,000, mimi 70,000.

Leo kaka ndiye wakala, nami ni mshirika wake kwa fungu langu. Ndugu, kushika funguo si kurithi.