Mdudu Aliyekutwa Kwenye Maji ya Udhu



Mwezi wa Shaaban uliopita mabomba yalikauka siku nne, tukarudi kutawadha kwa maji ya dimbwi lililo chini ya msikiti wetu, pale maji ya chemchemi yanapotuama kati ya matete. Ndugu mmoja akachota kopo, akakuta ndani yake kidudu cha kijani, chembamba kama njiti ya kiberiti, chenye vimkia vitatu. Akayamwaga maji. Hadi Isha, habari zilikuwa zimefika kwa Amiri: maji yamenajisika, dimbwi limwagiwe mafuta ya taa, na mbu nao wafe humo humo. Mimi nasoma biolojia mwaka wa tatu. Niliomba nipewe wiki mbili.

Nianze na udhu, maana ndio ulioleta maneno. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mdudu asiye na damu ya kutiririka akiangukia majini na kufa hayanajisi maji, maadamu hakutiwa kwa makusudi wala hakuyabadilisha. Wanazuoni wameitegemea hadithi ya nzi aliyeangukia kinywaji, iliyomo katika Sahihi Bukhari. Na huyu wetu alikuwa hai! Ukimkuta tena, mrudishe ulikomtoa, uendelee na udhu wako.

Sasa ni nani? Ni mtoto wa kereng'ende. Kiswahili kina jina moja kwa jamii mbili. Wale wakubwa wakitua hutandaza mbawa, na macho yao hukaribia kugusana. Wale wembamba, ambao ndio wetu, wengi wao hukunja mbawa juu ya mgongo, na macho yao yamekaa mbalimbali, moja huku na jingine kule. Anayeonekana zaidi kwenye dimbwi letu anaitwa Ischnura senegalensis. Dume ana kipande cha buluu karibu na ncha ya mkia, kama taa ya nyuma ya bodaboda, ila rangi tu ndiyo tofauti. Alielezwa kitaalamu mwaka 1842, na anapatikana Afrika, Uarabuni, India hadi Japani.

Jike hutoboa shina la mmea na kuingiza mayai humo. Anayetoka huishi majini kwa wiki au miezi, akijivua ngozi mara 10 hivi au zaidi. Vile vimkia vitatu ni matamvua ya kumsaidia kupumua. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya uso. Windo likikaribia, huuchomoa ghafla na kulinasa. Nilimweka kwenye chupa pamoja na kijiti, nikamtilia viluwiluwi vya mbu jioni. Asubuhi sikuona hata kimoja.

Siku ya tisa, niliporudi kutoka swala ya Alfajiri, nilimkuta amepanda kijiti na kutoka majini. Ngozi ikapasuka mgongoni. Akajitoa polepole, mweupe, laini, mbawa zimekunjamana. Hana hatua ya pupa kama kipepeo. Niliketi pale nikiikumbuka aya ya 45 ya Suratun-Nur, inayotaja kuumbwa kwa viumbe kutokana na maji, nikachelewa kipindi cha saa mbili. Saa mbili na nusu aliruka dirishani.

Kila aina ina maji yake. Wetu huvumilia hata madimbwi yasiyo mazuri sana. Lakini Platycypha caligata hutaka vijito vyenye mawe, na jike hutaga kwenye mti uliooza majini. Amanipodagrion gilliesi anajulikana katika misitu ya Usambara Mashariki tu, kule Tanzania, na yumo hatarini kutoweka kabisa. Huyo hana pa kuhamia.

Turudi kwenye mafuta ya taa. Yataua viluwiluwi, ni kweli, na yatamwua mlaji wao pia. Yakishaisha, mbu ndiye hurudi kwanza, maana kwenye joto letu hutoka yai hadi kuruka kwa siku 10 hivi. Kereng'ende huhitaji muda mrefu zaidi. Kwa hiyo tungepata dimbwi la mbu watupu, tena maji yananuka, na sijui nani angeyatia usoni. Sisemi kereng'ende humaliza mbu wote. Chandarua usikiache.

Amiri alikubali mafuta yasimwagwe. Lililobaki ni matete: kamati ya usafi inataka yafyekwe yote kabla ya Ramadhani, na humo ndimo mayai yalimo. Nimeomba tufyeke upande wa ngazi tu, hatua tano au sita, panapotosha watu kuchota. Kikao ni Ijumaa baada ya Alasiri. Nitakuja na ile chupa na ganda lililobaki kwenye kijiti.