Jaribio Huchaguliwa Mtoni

Mwanafunzi akinijia hapa Lurambi kuuliza atumie jaribio gani la takwimu, mimi humwuliza kwanza maji aliyachota vipi. Wengi hushangaa. Hudhani kuchagua jaribio ni jambo la kompyuta, baada ya chupa kufika maabara, kumbe jaribio walishalichagua mtoni.

Tuchukue Rosterman, hapa Kakamega. Kampuni yenye jina hilo ilichimba dhahabu pale tangu miaka ya 1930, ikafunga 1952, na wachimbaji wadogo wanaendelea kusaga mawe na kunasa dhahabu kwa zebaki. Swali ni jepesi kulitamka: je, kijito cha pale kina tope, zebaki au aseniki zaidi chini ya machimbo kuliko juu yake?

Adui wa kwanza ni mvua. Kakamega hunyeshewa sana, hasa alasiri, na kijito kikijaa, tope hupanda juu na chini vilevile. Ukichota juu Jumatatu na chini Alhamisi, utakuwa umepima mvua. Mimi huchota pande zote mbili asubuhi ileile, nikianzia chini na kupanda, ili miguu yangu isitibue maji ninayoyaendea. Kila asubuhi basi hunipa jozi. Natoa namba ya juu kutoka namba ya chini, nabaki na safu moja ya tofauti, na hiyo ndiyo ninayoipeleka kwenye jaribio la t la jozi. Ukizivunja jozi hizo, ukazishika kama makundi mawili yasiyohusiana, kupanda na kushuka kwa siku kutafunika athari ya machimbo.

Pengine jozi haipo kabisa, kwa mfano visima vya eneo la Shirere dhidi ya visima vya eneo la Mahiakalo. Jaribio la t linalofundishwa shuleni limetokana na kazi ya William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, aliyeichapisha 1908 kwa jina la Student. Linadhani makundi yote mawili yametawanyika sawa. Data ya mazingira haina adabu hiyo. Kundi lililochafuka kwa kawaida hutawanyika zaidi. Tumia lile la Welch, la mwaka 1947. Programu ya R hulitumia yenyewe usipoiagiza vingine, na sijaona sababu ya kuizuia.

Kisha chora namba zako kabla ya kukokotoa chochote. Nyingi zikisongamana chini na chache zikiruka mbali, chukua logi zake, uchore tena. Zikikataa kutulia, nenda kwenye jaribio la Wilcoxon la 1945, ambalo Mann na Whitney walilikuza 1947: hupanga namba zote kwa nafasi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kulinganisha nafasi hizo. Hapa ndipo vipimo vya zebaki, vidogo mno mara nyingine, vinaponufaika. Maabara ikikuandikia “chini ya kiwango cha kupimika”, usijaze sifuri, wala nusu ya kiwango hicho kama wengi wanavyofanya. Hiyo ni namba ya kubuni. Ikiwa kiwango ni kimoja kwa sampuli zote, zile zisizopimika zinagawana nafasi za chini kabisa, basi.

Idadi nayo haisamehi. Katika jaribio la nafasi, sampuli 3 za kundi moja na 3 za jingine zinaweza kupangika kwa njia 20 tu. Hata zote tatu za kundi moja zikizishinda za jingine, thamani ya p, yaani uwezekano wa bahati tupu kuleta tofauti kubwa hivyo upande wowote, haiwezi kushuka chini ya 0.1. Zikiwa 4 kwa 4, inaweza kufika 0.029. Kwa jozi, jaribio la nafasi linahitaji angalau 6 ili p ipite chini ya kikomo cha kawaida cha 0.05. Na chupa kumi zilizojazwa mahali pamoja kwa dakika moja ni sampuli moja iliyorudiwa. Mwanaikolojia Hurlbert aliwakemea wenzake kwa ujanja wa kuzihesabu kama kumi mwaka 1984, na bado nauona kwenye tasnifu.

Katika ripoti, tofauti yenyewe na upana wa mashaka yake ndivyo ninavyoviandika kwanza, p baadaye. Shirika la Afya Duniani limeweka aseniki ya maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Tuseme juu ni 2 na chini ni 3: p inaweza kuwa ndogo ajabu, na maji yote mawili yakawa ndani ya kiwango. Yakiwa 14 na 15, na p isionyeshe tofauti, maji ya pande zote mbili hayafai kunywewa.