Kromosomu X Inayonyamaza: Somo la Uhai kwa Mseminari na kwa Familia



Ndugu msomaji, mtoto wa kiume akigundulika kuwa na ugonjwa wa kurithi, swali la kwanza katika familia nyingi ni hili: "Umetoka upande gani?" Mara nyingi swali hilo huishia kumlemea mama. Somo letu la leo linahusu jambo linalotokea katika kila mwanamke tangu akiwa kiinitete tumboni. Tukilielewa, tutajua pia namna ya kuongea na familia hizo.

1. Jambo lenyewe

Mwanamke ana kromosomu X mbili, moja kutoka kwa baba yake na moja kutoka kwa mama yake. Mwanamume ana X moja, aliyoipata kwa mama yake, na Y aliyoipata kwa baba yake. X hubeba jeni nyingi, Y hubeba chache. Ili mwanamke asipate maradufu ya kazi za jeni za X, kila seli yake huzima X moja na kubakiza nyingine, ingawa jeni chache za X iliyozimwa huendelea kufanya kazi.

Mwanasayansi Mwingereza Mary Lyon alilieleza jambo hili mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru wa Tanganyika. Seli moja huzima X ya baba, jirani yake huzima ya mama, bila mpangilio maalumu. Seli zote zinazozaliwa kutokana na ile ya kwanza hufuata uamuzi huohuo.

Mfano tunao mitaani kwetu Kawe. Mtazame paka mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa akizunguka penye samaki: karibu kila mara ni jike. Jeni ya rangi ya chungwa iko kwenye X. Penye baka jeusi X moja imenyamaza, penye baka la chungwa imenyamaza nyingine.

2. Afrika Mashariki katika historia hii

Jeni ya kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu za damu, iko pia kwenye X. Mwaka 1960 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha taarifa juu ya upungufu wa kimeng'enya hicho kwa watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1961 yeye na David Clyde, mtaalamu wa malaria Tanganyika, walichapisha utafiti ulioimarisha wazo kwamba upungufu huo humpa mtoto kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana umeenea kwetu.

Mwaka 1962 Ernest Beutler na wenzake walitumia upungufu huohuo kuonyesha kwamba fundisho la Lyon ni kweli kwa binadamu. Mwanamke mwenye jeni moja nzima na moja yenye hitilafu ana makundi mawili ya chembe nyekundu: zenye kimeng'enya na zenye upungufu. Uwiano hutofautiana, hivyo mmoja hana shida yoyote na mwingine anaweza kuishiwa damu akitumia dawa fulani.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 2008 dawa ya malaria yenye klorproguanili na dapsoni iliondolewa sokoni kwa sababu ilivunja chembe za damu za wagonjwa wenye upungufu huu.

3. Viinitete na seli shina

Kwa panya, kiinitete huanza kwa kuzima X ya baba tu. Baadaye, katika seli zitakazojenga mwili, X hiyo huamshwa, kisha kila seli huchagua upya. Kwa binadamu na kwa kima aina ya makaki, utaratibu ni tofauti. Katika siku za mwanzo X zote mbili hufanya kazi. Hata XIST, jeni inayoanzisha unyamazishaji, huwashwa kabla X haijanyamaza. Kuzimwa kwenyewe hukamilika baadaye. Kwa hiyo si kila tunachojifunza kwa panya kinamfaa binadamu.

Seli shina za kike zinazokuzwa maabara nazo zina tabia yake. Mara nyingi hupoteza XIST, na jeni zilizonyamazishwa huanza kuamka. Anayetaka kutumia seli hizo kutafuta tiba lazima azikague kwanza.

4. Kanisa linasema nini?

Sehemu ya elimu hii imepatikana kwa kutumia viinitete vya binadamu vilivyotungwa maabara. Tusilifiche hilo. Hati Donum Vitae ya mwaka 1987 na Dignitas Personae ya mwaka 2008 zinafundisha kwamba binadamu aheshimiwe kama nafsi tangu kutungwa mimba, na kwamba kumwangamiza kwa ajili ya utafiti si halali. Kanisa halikatai seli shina zinazopatikana bila kumdhuru mtu, kama za mtu mzima au za damu ya kitovu. Tangu mwaka 2007 inawezekana pia kuzirudisha seli za ngozi ya mtu mzima katika hali ya seli shina.

Mseminari asidai kwamba kunyamaza kwa X kunaonyesha saa ambayo roho inaingia. Darubini haipimi roho. Inachoonyesha ni maisha mamoja yanayoendelea kwa mpangilio wake, hatua kwa hatua.

5. Parokiani

Baba hampi mtoto wake wa kiume X. Basi mtoto wa kiume mwenye upungufu wa G6PD ameurithi kwa mama. Lakini kurithisha si kosa. Mama hakuichagua jeni hiyo, naye huenda aliipata kwa baba yake mwenyewe. Katika kila mimba ya mtoto wa kiume, mama mwenye jeni moja ya namna hii ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithisha. Hakuna aliyelogwa, na hakuna laana ya ukoo. Familia ishauriwe kumweleza daktari hali hiyo kabla ya dawa yoyote, na mama asiachwe abebe lawama peke yake.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Tunatumia maneno gani tunapoongea na mama mwenye mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi?
2. Kwa nini nia njema ya kutafuta tiba haitoshi kuhalalisha kila njia?
3. Mwanajumuiya akisema ugonjwa wa mtoto ni laana, utamjibu nini?