Safari ya Likizo Mpaka Port Victoria: Piga Hesabu Hadi Mlangoni, Si Hadi Busia

Kila Desemba huwa tunapokea simu za aina moja. Ni saa mbili usiku. Mteja ameshuka Busia, watoto wamesinzia juu ya mizigo, matatu za kwenda Port Victoria zimeisha, na kwenye simu kumebaki shilingi 400. Anatuuliza kama tunaweza kumrudishia pesa za tiketi aliyolipia Nairobi asubuhi. Hatuwezi. Tiketi ameshaitumia, na basi limemfikisha pale lilipoahidi. Kosa halikuwa la basi. Hesabu yake iliishia Busia, na safari yake inaishia Port Victoria.

Somo la leo ni la kuzuia simu hiyo. Tutajifunza kuchagua usafiri kwa gharama ya safari nzima, kujua ni malipo gani ya kufanya mapema na yapi ya kungoja, na kulinda nauli ya kurudi. Tunatumia Port Victoria kama mfano, lakini hesabu ni ileile hata kama unaenda Lamu au Lodwar.

1. Jua gari linaishia wapi

Port Victoria nusura iwe mwisho wa reli. Upimaji wa mwaka 1892, ulioongozwa na Kapteni Macdonald, ulilenga kuifikisha reli ya kutoka Mombasa hadi Port Victoria. Baadaye ikachaguliwa njia fupi zaidi, na mwaka 1901 reli ikafika Port Florence, mji tunaouita Kisumu. Ndiyo maana mpaka leo, ukitoka mbali kuja Budalang'i, kipande cha mwisho ni cha matatu na boda boda.

Barabara kubwa za kufika mpaka wa Uganda ni mbili. Moja inapita Eldoret na Bungoma hadi Malaba. Nyingine inapita Kisumu, Ugunja na Bumala hadi Busia. Wageni wengi husikia "mpaka wa Uganda" wakadhani Malaba na Busia ni sehemu moja. La. Ukishukia Malaba na wewe unaenda Port Victoria, itabidi utafute matatu ya Busia kwanza, halafu nyingine tena. Uliza mapema: "Gari hili linaishia Busia au Malaba?" Swali hilo halina malipo.

Sasa tuangalie unachoweza kupanda ukitoka Nairobi.

*Basi la moja kwa moja hadi Busia.* Unapanda mara moja, mizigo haihamishwi. Safari ni zaidi ya kilomita 400, na kwa kawaida huchukua saa 9 au 10, Desemba huzidi. Jambo la kuangalia hapa ni saa ya kuondoka.

*Matatu hadi Kisumu, kisha nyingine.* Magari ni mengi na huhitaji kungoja basi lijae. Lakini kila unapobadilisha gari kuna nauli mpya, na kila steji ina wabeba mizigo wanaotaka chao.

*Treni hadi Kisumu.* Treni ya abiria ilirejea kwenye reli hii ya zamani Desemba 2021. Inafaa mtu ambaye hana haraka na anataka watoto waone nchi. Haisafiri kila siku, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujaomba ruhusa kazini. Kutoka Kisumu unaendelea kwa barabara.

*Ndege hadi Kisumu.* Angani ni chini ya saa moja. Inamfaa mgonjwa, mzee, au mtu mwenye siku mbili tu za likizo. Lakini kumbuka ndege inakuacha Kisumu. Kutoka hapo hadi Busia ni kama kilomita 110, halafu bado hujafika.

*Gari la kukodi.* Mkiwa watu watano au sita mkachangia, linaweza kuwa na maana. Ukiwa peke yako, unalipia viti vitupu, mafuta, na siku ambazo gari limekaa chini ya mwembe likingoja mrudi.

2. Piga hesabu hadi mlangoni

Tuchukue mama mwenye watoto wawili wakubwa. Ametenga shilingi 16,500 za usafiri, kwenda na kurudi. Bei zilizo hapa ni za mfano tu. Weka za siku yako.

Basi la moja kwa moja:
- Nauli hadi Busia, 2,000 mara watu 3: 6,000
- Matatu Busia hadi Port Victoria, 300 mara 3: 900
- Boda boda hadi nyumbani, 100 mara 3 (pikipiki moja, abiria mmoja): 300
- Chakula njiani: 600
- Jumla: 7,800

Kupitia Kisumu kwa matatu:
- Nauli hadi Kisumu, 1,700 mara 3: 5,100
- Kisumu hadi Busia, 500 mara 3: 1,500
- Busia hadi nyumbani, pamoja na chakula, kama hapo juu: 1,800
- Jumla: 8,400

Tiketi ya kwanza ya kupitia Kisumu ni nafuu kwa shilingi 300 kwa kila mtu. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Ukifika mlangoni, njia hiyo imekugharimu 600 zaidi.

Lakini somo kubwa liko kwenye saa. Basi la saa 12 asubuhi, likienda saa 10, linafika Busia saa 10 jioni. Kuna mwanga, kuna matatu, na likichelewa saa moja au mbili bado una nafasi. Basi la saa 4 asubuhi, kwa nauli ileile, linafika saa 2 usiku. Mama huyu sasa analala gesti Busia kwa shilingi 1,500, na safari ya kwenda inakuwa 9,300. Ukijumlisha 7,800 za kurudi unapata 17,100. Amepungukiwa na 600, na likizo haijaanza. Atachukua mkopo wa simu, na mkopo huo ataulipa Januari, mwezi wa karo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nauli ni ngapi?", uliza "nitafika saa ngapi, na kutoka hapo nitapanda nini?"

3. Lipa mapema kwa yule tu unayeweza kumdai

Simu imefanya kulipa kuwe rahisi sana. Unalipia tiketi ukiwa jikoni. Lakini pesa iliyotoka mapema inahitaji mtu wa kuidai mambo yakiharibika. Jiulize: kesho nisipopata huduma, nitaenda mlango gani?

*Basi lenye ofisi:* lipa mapema, hasa Desemba, maana viti huisha. Tumia namba ya till au paybill iliyobandikwa ofisini au kwenye tiketi zao. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Kama umeambiwa unalipa kampuni na jina ni la mtu binafsi, simama hapo. Usikubali kuharakishwa na "kiti ni kimoja kimebaki".

*Gari la kukodi uliloliona mtandaoni:* usitume amana kwa mtu ambaye hujamwona wala gari hujaligusa. Picha nzuri ya gari si gari. Mtu mwaminifu atakubali ulipe ukishalikagua na mkiandikiana.

*Matatu ya njiani:* lipa ukishakaa, gari likishaanza safari. Mkilipa kwa simu ya kondakta, mwonyeshe meseji na usiifute mpaka ushuke. Kwenye gari lililojaa, makanga husahau nani amelipa.

*Boda boda:* patana bei kabla ya kupanda, vaa kofia, lipa ukifika.

Na hili tuliseme wazi, kwa sababu linatuletea malalamiko mengi. Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, tupigie mara moja. Zikiwa bado ziko kwenye akaunti ya aliyepokea, kuna la kufanya. Lakini ukimlipa tapeli kwa hiari yako, namba haikuwa makosa, na mara nyingi huwa ameshatoa pesa kabla hujamaliza kueleza. Kinga iko kabla ya kubonyeza, si baada.

4. Ukikaribia mpaka, angalia simu yako

Busia, Malaba na hata ufuoni Port Victoria, simu inaweza kushika minara ya Uganda bila kukuuliza. Utaona jina la mtandao limebadilika. Dalili zake: kredo inaisha haraka, na malipo yanakwama ukiwa umesimama mbele ya mwenye duka. Ingia kwenye mipangilio ya mitandao ya simu, zima uchaguzi wa moja kwa moja, kisha uchague mwenyewe mtandao wako wa Kenya. Malipo yakikwama, usirudie kulipa papo hapo. Angalia salio kwanza. Wengine wamelipa mara mbili.

Beba pia pesa taslimu kidogo, ya kutosha matatu ya mwisho na boda boda. Betri ikiisha, simu yenye shilingi elfu kumi haikununulii hata chai.

Kama likizo inakuvusha upande wa pili, labda kutembea Jinja kuona Nile inapoanzia, pita kwenye kituo rasmi cha mpaka. Tangu mwaka 2014, Wakenya huvuka kwenda Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Kwa watoto, uliza uhamiaji mapema ni karatasi gani zinahitajika. Usitegemee kulipa kila mahali kwa laini ya Kenya: namba za malipo za wafanyabiashara wa huko ni za mitandao yao. Badilisha kiasi unachohitaji tu, maana ukibakisha shilingi za Uganda utazibadilisha tena na kupoteza mara mbili. Piga hesabu kwenye simu yako mwenyewe, kisha hesabu noti kabla ya kuondoka dirishani.

5. Mashua: hapa bei rahisi isikudanganye

Huwezi kufika Port Victoria usitamani maji. Wengine huenda kutembea, wengine huvuka kwenda visiwani kama Sumba kuona jamaa. Mashua ni usafiri kama mwingine, ila haina breki ya dharura. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hilihili, kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake. Zaidi ya watu 200 walikufa.

Kwa hiyo usilipe ukiwa nchi kavu kwa mtu anayekuitia abiria. Tembea hadi kwenye mashua. Je, kila mtu ana jaketi la kuokolea, na la mtoto linamtosha mtoto? Watu ni wangapi? Wavuvi wenyewe wanasemaje kuhusu upepo wa leo? Ukiwa bado hujalipa, kusema "hapana, tutangoja nyingine" ni rahisi. Ukishalipa, utajishawishi upande. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulipa mwisho.

6. Funga nauli ya kurudi kabla hujaondoka

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hupona kweli: kuna sukari ya shangazi, dawa ya babu, mchango wa harusi, na mbuta wa kubeba kurudi Nairobi. Vyote ni vizuri. Shida ni kwamba vyote huchotwa kwenye mfuko mmoja na nauli ya kurudi, na mapema Januari, shule zikifunguliwa, kila mtu anataka kiti siku ileile.

Fanya hivi siku moja kabla ya safari: hamisha nauli ya kurudi, hadi mlangoni, kwenye akiba ya simu iliyofungwa mpaka tarehe ya kurudi. Au nunua tiketi ya kurudi kabisa, kama kampuni ina ofisi. Ukiombwa pesa, utajibu bila kudanganya: "Shangazi, zilizobaki zimefungwa, hata mimi siwezi kuzitoa." Atakuelewa, kwa sababu naye anataka ufike.

Jipime

Chukua karatasi ujibu kabla ya kulipa chochote:

1. Gari langu linaishia mji gani, na nitafika saa ngapi likichelewa saa mbili?
2. Kutoka hapo hadi mlangoni nitapanda nini, na jumla ni ngapi kwa watu wote?
3. Ni malipo yapi ninayofanya mapema, na kwa kila moja nitamdai nani?
4. Nauli ya kurudi iko wapi sasa hivi?

Kama swali moja halina jibu, safari yako bado haijalipiwa, hata kama tiketi iko kwenye simu. Mpigie mtu aliye Port Victoria leo, muulize matatu ya mwisho huondoka Busia saa ngapi, kisha rudi uchague basi. Tunakutakia safari njema, na ufike kukiwa na mwanga.