DENI LA MAITI NA AKIBA YA UZEENI

Katika darasa yetu ya baada ya Magharibi tuliulizwa suala ambalo tumeona si haki kuwajibu wale waliohudhuria peke yao, kwani limo katika nyumba nyingi za miji yetu, na wenyewe hulificha. Kijana mmoja alisema: Baba yake alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu, akapewa kiinua mgongo chake kwa mkupuo mmoja. Haikutimia miaka miwili fedha zile zikawa zimekwisha. Nyingine zilikwenda katika arusi ya binti, nyingine alilipia madeni ya zamani, na nyingine aliwakopesha jamaa bila ya kuandika. Kisha akafariki. Siku ya tatu baada ya maziko wakaja watu watatu, kila mmoja adai chake, na hapana hata mmoja mwenye karatasi. Na huku nyumbani, katika kile kidogo alichoacha marehemu, zimekwisha tengwa shilingi elfu themanini za karamu ya arubaini. Kijana auliza: Lipi litangulie?

Twajibu, na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kwenye tawfiki. Mali ya maiti ikisha kutolewa gharama za kumzika, kinachofuata ni deni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha ndipo warithi wagawane. Hivyo ndivyo maulamaa walivyozifahamu aya za mirathi katika Suratun Nisaa. Karamu haimo katika mpango huo. Na akiwapo yatima miongoni mwa warithi, basi pilau ile ni mali yake inayoliwa mbele ya macho yake, nasi twanawa mikono na kumwombea baba yake.

Mtume wetu (S.A.W.) aliletewa jeneza akauliza kama maiti yule ana deni. Akaambiwa anazo dinari mbili, na katika riwaya nyingine tatu. Akawaamrisha Masahaba wamsalie mwenzao, yeye asimsalie, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake. Dinari mbili! Leo katika mji wetu ni nani angeziona kuwa ni deni?

Wala hatusemi kuwa kukopa ni haramu. Mtume mwenyewe amefariki na deraya yake iko rehani kwa ajili ya shayiri aliyowachukulia watu wa nyumbani kwake. Tofauti ni kuwa deni lile lilijulikana, na rehani yake ilijulikana iko kwa nani.

Tazameni khabari ya Zubeir bin Awwam (R.A.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Watu walikuwa wakimletea amana, naye akikataa kuzipokea kwa amana, akisema ziwe deni juu yake, kwa kuchelea zisipotee. Siku ya vita vya Jamal, mwaka 36 wa Hijra, alimwita mwanawe Abdallah akamwambia kuwa hamu yake kubwa ni deni lake, akamuusia alilipe. Abdallah alipohesabu alikuta dirham milioni mbili na laki mbili. Hakukimbia, wala hakuwaambia wadai wangoje Akhera. Aliuza ardhi ya Ghaba, ambayo baba yake aliinunua kwa laki moja na sabini elfu, akapata milioni moja na laki sita. Ndugu zake walipotaka kugawiwa urithi alikataa, mpaka atangaze katika msimu wa Haji miaka minne kuwa mwenye kumdai Zubeir na aje alipwe. Miaka minne! Sisi siku ya arubaini haijafika, tumekwisha gombania nyumba.

Aya iliyo ndefu kupita zote katika Kur-ani ni ya kuandikiana deni, nayo yamtaka mdaiwa ndiye aimlishe. Lakini kwetu mtu akitoa kalamu huambiwa hana imani na nduguye. Wengine husema ujumbe wa M-Pesa watosha. Hautoshi. Ujumbe ule waeleza kuwa fedha zimekwenda kwa fulani siku fulani, lakini hauelezi kama ni zawadi, au amana, au mkopo, na hapo ndipo watu wanapofika kwa Kadhi.

Amma mikopo ya simu, kama Fuliza iliyoanza Januari 2019, ambayo mkopaji hutozwa ada na ada ikaongezeka kwa kupita siku, sisi hatuoni tofauti yake na riba ya zama za Jahiliya, mdai aliposema: lipa, au niongeze. Jina la ada halibadilishi kitu. Na wanaonaswa si matajiri. Ni mtu aliyepungukiwa na unga jioni.

Tukirejea kwenye akiba, wako wanaosema kuweka cha kesho ni upungufu wa tawakkul. Hayo si kweli. Mtume (S.A.W.) aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka mzima, na alimfahamisha Saad bin Abi Waqqas kuwa kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu.

Mwajiriwa anayo Hazina ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, iliyoundwa mwaka 1965. Tangu Februari 2023 mfanyakazi hukatwa sita kwa mia ya mshahara wake mpaka kipimo maalumu, na tajiri wake hutoa mfano wake. (Namna fedha hizo zinavyozalishwa ina maneno yake, tumeyaacha kwa siku yake.) Lakini mvuvi je? Na fundi, na mama wa mahamri? Hao hawana wa kuwakata, hawana budi kujikata wenyewe. Shilingi hamsini kwa siku ni 18,250 kwa mwaka, na kwa miaka ishirini ni 365,000. Lakini zisilale sandukuni zikaliwa na kupanda kwa bei. Ziingizwe katika chumba cha kupangisha, au sehemu ya mashua, kwa mapatano yaliyoandikwa.

Na mabibi zetu wasitishwe kuwa upatu ni haramu. Qalyubi, katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii, ameutaja mchango wa wanawake wa namna hiyo na akanukuu kuwa wafaa. Ni kukopeshana bila ya nyongeza. Sharti wa mwanzo asiikimbie zamu ya mwisho.

Ama yule kijana, tulimwambia asilipe kwa madai matupu. Mwenye kumdai maiti huleta ushahidi, na juu yake aape, ila warithi wakilikiri deni wenyewe. Wa kwanza walimkiri, akalipwa kwa zile elfu themanini. Wa pili alileta mashahidi wawili akaapa, nao wameandikiana muda. Wa tatu alipotakiwa kiapo aliomba akafikiri, na mpaka tunaandika haya hajarudi.