Siku ya 25: Mkwe asiyekula nyama na mbuzi wa Idi

 

Leo tunaweka pembeni kidogo darasa letu la kumi la mwisho. Kuna swali limeingia, na likikaa mpaka baada ya Idi halitamsaidia aliyeuliza.

Dada mmoja (jina tunalihifadhi) ameolewa baada ya mfungo uliopita, kwa hiyo hii ndiyo Idi yake ya kwanza ukweni, huko upande wa Masoko. Nyama hali tangu utotoni. Harufu tu inamtibua, na akilazimishwa anatapika. Sasa baba mkwe ameshatenga mbuzi na ametangaza kwa majirani kuwa huyu ni wa mkwe. Mama mkwe naye kasikia kwa watu kwamba binti hali nyama, na maneno yameanza: anaringa huyu, au ana mambo yake. Dada anauliza mawili. Je, kutokula nyama ni dhambi? Na siku yenyewe afanyeje?

La kwanza ni jepesi, tulimalize haraka. Kula nyama si faradhi. Mtu akiiacha kwa sababu mwili wake hauipendi, au daktari kamkataza, hana kosa lolote. Kosa ni kukiharamisha alichohalalisha Allah, au kudhani kwamba kuacha nyama kwenyewe ni ibada. Katika Sahihi Muslim, Anas (r.a.) anasimulia juu ya watu waliotaka kujizidishia ibada, na mmoja wao akasema hatakula nyama. Mtume (s.a.w.) aliwakemea, kwa sababu waligeuza jambo la kawaida kuwa dini. Huyu dada hajafanya hivyo. Na tukumbuke pia kwamba Idi hii ni ya kufungua, si ile ya kuchinja. Sunna yake ya chakula ni tende chache, kwa idadi ya witiri, kabla ya kwenda kuswali. Mbuzi wa baba mkwe ni ukarimu wake mzee, Allah amlipe, lakini hakuna ibada itakayoharibika mkwe asipoonja.

La pili ndo zito, maana hapo hatuzungumzii tena halali na haramu. Tunazungumzia moyo wa mtu aliyekuandalia chakula ukakiacha.

Tusome kisa cha Nabii Ibrahim (a.s.) katika Suratu Hud, aya ya 69 na 70, na tena katika Suratu Dhaariyaat kuanzia aya ya 24. Walimjia wageni asiowajua. Hakuwauliza mnataka nini. Alijiondokea taratibu kwenda kwa watu wake, akarudi na ndama aliyenona, ameshachomwa, akawasogezea pale pale walipokaa. Wageni wale walikuwa malaika, na malaika hawali. Lakini yeye hakujua hilo. Alichokiona ni mikono isiyofika kwenye chakula, na Qur'ani inatuambia aliingiwa na hofu. Wafasiri wanaeleza kuwa kwa desturi ya wakati ule, mgeni aliyekataa chakula chako alidhaniwa amekuja na shari. Hofu ilimtoka lini? Walipozungumza. Walimtuliza, wakamweleza wao ni nani na wametumwa nini. Ndama alibaki vile vile, hakuliwa, ila baada ya hapo hakikuwa tena kitu cha kumwogopesha mwenyeji.

Basi kinachoumiza ni ule ukimya wa mgeni asiyekula. Kutokula kwenyewe kuna maelezo, na maelezo yakitolewa mapema na kwa upole, mwenyeji anapumua.

Na hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Monica Wilson, mtafiti aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, alilipa nafasi kubwa sana neno *ukwangala*: kukaa pamoja na wenzako, kula na kunywa pamoja, kufurahiana. Aliandika pia jinsi wazee walivyohusisha uchawi na uroho wa nyama na maziwa, na jinsi mtu wa kula peke yake alivyotazamwa vibaya. Sisi hatufuati itikadi za uchawi, lakini tusijifanye hatujui zilikotoka lawama za namna hii. Mama mkwe anaposema "ana mambo yake", amerithi jicho hilo. Si lazima awe mtu mbaya.

Sasa angalia Mtume wetu (s.a.w.) alivyofanya. Alikuwa nyumbani kwa Maimuna (r.a.), na mezani pakaletwa nyama ya dhabb, yule mjusi mkubwa wa jangwani, imechomwa. Alipoambiwa ni nyama gani, akarudisha mkono. Khalid bin Walid (r.a.) akauliza: kwani ni haramu? Akajibiwa hapana, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Sentensi moja tu ya sababu, ya kweli, isiyomdharau aliyeleta chakula. Khalid akajivutia akala, na Mtume akimtazama, hakumkunjia uso. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Dada, jibu lako limo humo ndani. Usiseme una vidonda vya tumbo kama huna. (Jamani, ukihesabu visingizio vya kwenye sherehe, Tukuyu nzima ina vidonda vya tumbo!) Sema lililo kweli: nyama mwili wangu unaikataa tangu utotoni, chakula kingine chote nakula.

Lakini nani aseme? Hapa nina maoni yangu, na wengine wanaweza kuwa na yao. Asiwe wewe, na isiwe siku ya Idi sinia likiwa limeshatua. Bado kuna familia nyingi kwetu ambako mwanamke aliyeolewa hazungumzi kirahisi na baba mkwe, heshima ya zamani hiyo. Anayepaswa kusema ni mume. Ni wazazi wake, anajua waguswe wapi. Aende mwenyewe kabla ya Idi, au apige simu, amwambie mama yake kwanza, kisha mama amfikishie mzee. Mume anayenyamaza akisubiri mkewe ajitetee mbele ya ukoo, hapo pana dhuluma kidogo.

Kuwahi kusema kuna faida nyingine ya jikoni. Pilau ikishapikwa na nyama haina upande usio na nyama. Ndizi zikishachemshiwa supu ya mbuzi, ndo hivyo tena. Mama akijua siku tatu kabla, atatenga sufuria moja ndogo: ndizi za maziwa, au maharage ya nazi, au majani ya maboga. Na wewe usiende mikono mitupu, beba maparachichi, beba mtindi. Fika mapema umenye ndizi pamoja na mawifi. Mtu aliyekuona jikoni tangu asubuhi hatasema unamdharau.

Najua mama mkwe ataona aibu. Maharage ni chakula cha kila siku, unampaje mkwe maharage siku ya Idi, majirani watasemaje? Mwambieni kisa cha fundi cherehani wa Madina. Alimwalika Mtume (s.a.w.), akaweka mkate wa shayiri na mchuzi wenye boga na nyama iliyokaushwa. Nyama ilikuwepo. Anas (r.a.), aliyekuwa pale, anasema alimwona Mtume akiyafuata maboga pande zote za bakuli, na tangu siku hiyo Anas mwenyewe akapenda boga. Basi boga lililopitiwa na mkono ule halimwaibishi mtu Masoko.

Kwenye sinia, kula upande wako wenye wali au ndizi. Nyama ikisogezwa kwako, wasogezee wenzako mnaokula nao. Usiifiche chini ya wali, usiifunge kwenye mfuko ukampe mtu njiani. Mafakihi wetu wa Kishafii wanasema mgeni ameruhusiwa kula tu, chakula si mali yake mpaka mwenyeji aridhie. Na asikuone mtu unakunja pua wenzako wakila. Mtume hakuwahi kukitia kasoro chakula: alipokipenda alikula, asipokipenda aliacha.

Wenyeji nao wana sehemu yao. "Kula hata kipande kimoja tu kwa ajili yangu", tuliache neno hilo. Ibrahim (a.s.) aliwaalika wageni wake kwa swali laini la kama hawatakula, hakuwatia tonge mdomoni. Na katika hadithi ya Jabir (r.a.), aliyealikwa anatakiwa aitike, akishafika, akitaka atakula, akitaka ataacha. Haki ya mwenyeji ni mguu wa mgeni kufika.

Na sisi Waislamu wa Rungwe, wachache kama tulivyo, hili tunalijua kutoka upande wa pili. Ni mara ngapi tumekaa kwenye harusi au Krismasi ya jirani, tukala ndizi na maharage kwa sababu hatukujua nani kachinja, au kitimoto kipo sufuria ya jirani? Jirani muungwana alitutengea chungu chetu, au alimwita Mwislamu achinje, na tuliondoka tukimwombea. Msabato asiyekula nyama akija kwako Idi hii, mtengee na yeye.

Dada, mwonyeshe mumeo ujumbe huu leo baada ya futari. Simu ya kwenda Masoko ipigwe usiku huu huu, kabla mama hajagawa kazi za jikoni.

Kesho, in shaa Allah, tunarudi kwenye zakatul-fitri: nani anatolewa, na lini ndo mwisho wa kuitoa.

Wabillahi tawfiiq.