Mtego Hauchagui: Somo Kuhusu Uwindaji wa Wanyama Wakubwa



Wahenga walisema kwamba mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Katika vijiji vinavyopakana na mbuga zetu za Uganda, methali hii haihitaji kufafanuliwa. Waya uliofungwa usiku kwa ajili ya paa huweza kumnasa tembo mchanga, ng'ombe wa jirani, au mguu wa mtoto aliyetumwa kuokota kuni. Kwa hiyo katika toleo hili tumeona vema tujifunze pamoja juu ya uwindaji: hatari zake, sheria yake, na haki yake mbele ya dhamiri.

Tuanze na tukio ambalo wengi wetu tunalikumbuka. Mwezi Juni 2020, katika msitu wa Bwindi, aliuawa gorila dume aliyeitwa Rafiki, kiongozi wa kundi la gorila 17 lililozoea wageni. Mtu aliyekamatwa alieleza kwamba aliingia msituni kutafuta wanyama wadogo, na kwamba alimchoma gorila huyo kwa mkuki ili kujiokoa aliposhambuliwa. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 11. Tazameni jinsi jambo lilivyokua: safari ya kutafuta kitoweo ilikwisha kwa gorila kufa, kundi kukosa kiongozi, na mtu kupoteza miaka 11 ya maisha yake.

Sumu nayo ni mtego. Mwezi Machi 2021, huko Ishasha katika Mbuga ya Queen Elizabeth, walikutwa simba 6 wamekufa, wengi wao wamekatwa vichwa na nyayo. Karibu nao walilala tumbusi 8, nao wamekufa. Aliyeweka sumu hakuwatafuta tumbusi. Lakini sumu haiulizi jina la anayeila. Ingeweza pia kumfikia mbwa wa mfugaji, au kuingia katika maji yanayonywewa na watu.

Mwindaji mwenyewe naye yumo hatarini. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani na kumgeukia anayemfuata. Kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini humshambulia aliyesimama mbele yake. Nyama isiyopimwa huleta maradhi: mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi katika Mbuga ya Queen Elizabeth, na ugonjwa huo humpata pia binadamu anayechuna au kula mzoga.

Tena iko hatari isiyosemwa hadharani. Mtu akijeruhiwa mbugani, ndugu zake humficha ndani kwa kuogopa kukamatwa, na jeraha humla siku baada ya siku. Tunawasihi: mpelekeni hospitali kwanza. Kosa lina mahali pake pa kuamuliwa, lakini marehemu hawezi kujitetea wala kutubu, na watoto wake hawalishwi kwa siri iliyofichwa vizuri.

Sheria inasemaje? Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kuwinda bila kibali. Kwa makosa yanayohusu wanyama walio katika hatari ya kutoweka, adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha, au faini ya shilingi bilioni 20, au vyote viwili. Ukali huo una historia. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 vifaru wote wa porini nchini mwetu walikwisha kuuawa. Wale tunaowaona leo Ziwa, wilayani Nakasongola, walianza kuletwa mwaka 2005, wengine kutoka Kenya na wengine kutoka Marekani. Taifa lilipoteza bure kilichokuwa chake, kisha likalazimika kukipokea upya kutoka kwa wengine.

Katika mikutano ya vijiji huulizwa swali zito, nasi hatulikwepi: mbona mgeni tajiri huruhusiwa kuwinda, na mwanakijiji mwenye njaa hufungwa? Ni kweli kwamba tangu mwaka 2001 uwindaji wa kibali ulianza kwa majaribio katika maeneo yanayozunguka Ziwa Mburo. Uwindaji huo una idadi iliyowekwa, una usimamizi, na sehemu ya malipo hupangiwa jamii. Mtego wa waya hauna idadi wala msimamizi. Hata hivyo, wapo watu wema wanaoamini kwamba kuua kwa kujifurahisha si sawa hata kukiwa na kibali, na mjadala huo ni halali. Ni halali pia kuuliza fedha zimefika wapi. Sheria inazipa serikali za mitaa zinazopakana na mbuga asilimia 20 ya ada za kuingia mbugani. Ulizeni katika vikao vyenu. Ni haki yenu, na ni njia bora kuliko mkuki.

Mnyama akijeruhi mtu au kuharibu mazao nje ya hifadhi, msilipize kisasi kwa sumu. Sheria hiyo ya 2019 imeweka mpango wa fidia. Toeni taarifa mapema kwa mwenyekiti wa LC1, kwa askari wa wanyamapori, na kwa kituo cha polisi, kabla ushahidi haujapotea. Mkiona mtego au mzoga wenye shaka, msiuguse. Pigeni simu 999. Na mkimshuku jirani, msimpige wala kumchomea nyumba. Kosa la mmoja halifutwi kwa kosa la wengi.

Maswali ya kujadili katika baraza la kijiji:

1. Ni nani katika kijiji chetu ameumizwa na mtego asiokuwa ameuweka yeye?
2. Kijana anayeingia mbugani kwa sababu ya njaa, sisi majirani tulimsaidiaje kabla hajaingia?
3. Je, tunajua fedha za mbuga zilizoletwa kwetu zimefanya kazi gani?

Kijiji kitakachojibu maswali haya kwa ukweli kitakuwa kimeondoa mitego mingi kabla sisi hatujafika.